Mnunulieni Mtoi Kompyuta ya Ofisi, Muache Hizo Taa za Rangi

Wacha niseme hii kitu mapema, ndio mwenye ataudhika audhike akiwa bado na bando. Mzazi wa Eastlands mwenye anasema hana pesa ya kununulia mtoto kompyuta, na huyo mtoto anapitia kwa PS kila siku akitoka shule, pesa anayo. Anailipa tu mbao mbao kwa mtu mwingine.

Tupige hesabu pamoja. Mechi moja kwa kibanda cha PS hapa mtaani ni mbao. Hakuna mtoi hucheza mechi moja akaenda nyumbani, lakini tuseme anacheza tatu. Hiyo ni shilingi 60 kwa siku. Kwa siku 30 ni 1,800. Mwaka mzima ni 21,600. Na hapo sijaweka smokie ya kungoja zamu, wala ile soo ya kuwekeana dau nani atashinda. Juu hii wazazi wengi hawaijui: kwa hivyo vibanda mtoto wa miaka 11 anajifunza kubeti kabla hajajifunza kupiga mpira wenyewe. Sheria inasema miaka 18. Kibanda hakiulizi kitambulisho.

Sichukii vibanda. Nimelelewa na kimoja, na mwenye kibanda anatafuta unga kama sisi wote. Shida yangu ni nyinyi wakubwa mnaosema gemu inaharibu watoto, halafu suluhisho lenu ni kumwachia mtoto simu yenu jioni ndio anyamaze. Hiyo simu iko na Free Fire, iko na TikTok, na iko na ile ndege ya kubeti yenye hupaa usiku na mchana. Mmemtoa kwa shimo ya mbao mkamweka kwa shimo haina chini, halafu mnaambia majirani mtoto wenu hapendi kuzurura.

Hoja yangu ni moja na nitaitetea mpaka asubuhi. Kompyuta ya gemu ndio kompyuta ya kwanza inayomfaa mtoto wa mtaa. Si tableti, si simu kubwa, na si ile laptopu ya "masomo" yenye ukifungua kurasa tatu za intaneti inaanza kulia kama mathree ya Jogoo Road ikipanda mlima. Mashine yenye inaweza kuendesha gemu inaweza kuendesha karibu kila kitu kingine. Na mtoto ataikalia kwa hiari yake, bila kusukumwa. Hiyo hiari ndio kitu shule zetu zimeshindwa kununua na pesa zote zimetumika.

Chukua Roblox, juu najua nusu ya wadogo wenu wako huko. Kwa simu unaweza kuicheza mpaka betri iishe. Lakini zile gemu za ndani zinaundwa kwa Roblox Studio, na Studio inataka kompyuta ya Windows ama Mac. Ni ya bure. Lugha yake inaitwa Luau, na ni lugha ya kodi ya ukweli, si kitu ya kuchezea watoto. So mtoto wa Lavington na mtoto wa Kayole wanacheza gemu ile ile, jioni ile ile, lakini mmoja ameonyeshwa jikoni na mwingine analetewa sahani tu. Blender ya kuchora vitu vya 3D ni bure. Godot ya kuunda gemu ni bure. Scratch ya MIT imekuwa bure tangu 2007. Chenye kimekosekana huku si programu. Ni mahali pa kuziweka.

Najua venye hilo pengo hukaa ukiwa mkubwa. Niliitwa chuo kusomea mambo ya kompyuta. Siku ya kwanza kwa maabara mhadhiri akasema tufungue mashine tuandike programu ndogo, na nusu ya darasa ikaanza kuangalia nusu ile ingine. Wale walikuwa na kompyuta kwao tangu wakiwa wadogo walichapa bila kuangalia kibodi. Sisi wa huku tulitafuta herufi moja moja kama mtu anachagua mchele. Hakuna mtu alitucheka, siwezi danganya. Mhadhiri alienda tu na mwendo wa wenye wanajua. Niliacha mwaka wa pili juu ya karo, si juu ya gemu, so wale wa "si wewe uliacha chuo" mketi chini kwanza. Hizi vidio zenye zinanilipia nyumba hapa Umoja nilijifunza kuzihariri kwa mashine nzee ya ofisi, ile ile aina nitawaambia mnunue.

Na msiniambie serikali italeta. Kama uliingia darasa la kwanza 2013, saa hii uko na miaka 18 ama 19. Kampeni ya mwaka huo iliahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Yako iko wapi? Tenda iliingia kwa kesi ikafutwa, na 2016 ndio vifaa vikaanza kufika, vikiwa vimekuwa tableti, za kubaki shuleni. Shule niliyosoma zilifika, zikapigwa picha, zikafungiwa ofisini na kufuli mbili. 2022 KICD ikapitisha silabasi ya kufundisha kodi kuanzia shule za msingi, ikasemwa ni sisi wa kwanza Afrika. Poa. Silabasi ni karatasi. Kuanzia gredi ya 7 kompyuta imemezwa ndani ya somo moja pamoja na biashara na ufundi, na Januari 2026 wa gredi ya 10 wa kwanza wameanza kila mmoja na njia aliyochagua, STEM ikiwa mojawapo. Mtoto anachagua STEM akiwa ameshika nini mkononi?

Sasa mashine, na hapa naanza kwa kukosana na wenzangu wa kontenti. Mnaniudhi sana. Unapata mse ameshika kasha ya kioo yenye feni sita za taa, anasema hii ni ya bajeti, halafu bei inapita laki. Huyo ametafsiri vidio ya Marekani. Huko mtu anaingia dukani ananunua kila kipande kipya na bei ya kwao. Hapa kipande hicho hicho kimepanda ndege, kimelipiwa kodi, kimepita mikono mitatu, na wa mwisho ndio anakuuzia. Halafu taa. Feni ya taa haijawahi ongeza hata fremu moja kwa gemu yoyote. Mtoto akitaka taa mpeleke mjini saa mbili usiku.

Chenye tuko nacho sisi, na wao wanakiona takataka, ni ex-UK. Ofisi za Uingereza hutumia kompyuta miaka kadhaa, zikitolewa zinapangwa kwa kontena, na baadaye unazikuta Luthuli na Moi Avenue zimepangwa kama mikate. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni nyeusi, zinaboa kuangalia, na zimetengenezwa kufanya kazi siku nzima bila kulalamika. Hata plagi ni ile yetu ya miguu mitatu. Watu hudharau hizi mashine juu zinakaa za karani. Na kama karani mzima ameishindwa kuiua kwa miaka mitano, mtoi wa gredi ya 6 hataiweza.

Lakini sikizeni hapa vizuri, juu hapa ndio watu huoshwa. Angalia nambari, usiangalie stika. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii ni Core i7, hiyo ingine ni i5 tu." Uliza i7 gani. i7-2600 ni ya 2011 na iko na kori nne. i5-8500 ni ya 2018 na iko na kori sita. Hiyo "i5 tu" inaipiga i7 yake mchana. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndio kizazi. Ukiona 2, 3 ama 4, shukuru, endelea kutembea.

Na siku hizi hicho kizazi kina maana ingine. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu na kile kijichipu cha usalama, TPM 2.0. Sasa fikiria wewe ni ofisi ya London yenye mashine za kizazi cha 6 na 7. Unazitoa. Zinakuja wapi? Kwetu. So ukiona i5-6500 imeshuka bei ghafla, si ati muuzaji amekupenda. Ni mashine nzuri bado, na kama bajeti imebana kabisa ichukue, uweke Linux Mint, na mtoto atapata Scratch, Blender, Godot, Minecraft ya Java, na gemu nyingi za Steam juu Valve walitoa Proton 2018, ile inafanya gemu za Windows zikubali Linux. Lakini Fortnite na Valorant zitakataa. Usimfiche mtoto hiyo. Mwambie kabla ya kulipa, si baada.

Ukubwa wa kasha nao. Kuna zile ndogo kama kitabu, zinapendeza, zinakaa nyuma ya skrini. Achana nazo kwa hii kazi, hazina mahali pa kadi ya grafiki. Kuna zile nyembamba za kulaza, SFF, hizo zinakubali kadi fupi pekee, na kadi fupi ni adimu so bei yake ni ya kiburi. Tafuta tawa, ile ya kusimama. Inachukua nafasi, ndio, na najua nyumba zetu. Itaenda chini ya meza. Kama hakuna meza, itaenda kando ya kitanda, hakuna shida, lakini isikae sakafuni kwenye vumbi na maji ya kupiga deki. Weka kreti ya soda chini yake.

Umeme wa ndani ndio utaamua kadi gani. Hizi mashine za ofisi zina pawasaplai ndogo, nyingi kati ya wati 180 na 260, na Dell na HP wameweka vichwa vya waya vya kwao wenyewe, so huwezi kuchomoa uweke ya kawaida bila adapta. Usipigane nayo. Tundu la kadi kwenye madabodi linatoa mpaka wati 75. Tafuta kadi inayotosheka na hizo, isiyo na tundu la waya wa umeme. GTX 1050 Ti ya 2016 ni hivyo. GTX 1650 ya 2019, kuna aina nyingi ni hivyo, hakikisha tu. Mtu akikuuzia RX 580 ya bei rahisi ujue inakula zaidi ya mara mbili ya hizo wati, na pengine imetoka kuchimba kripto ya mtu mchana na usiku.

Kuna kadi fake pia, na si hadithi. Ni kadi za zamani, GTX 550 Ti na ndugu zake, zimebadilishwa programu ya ndani ndio kompyuta isome 1050 Ti. Duka moja, jina nitaacha, nilionyeshwa moja imewekwa kwa karatasi safi kama ya Krismasi. Nikaomba iwashwe, nikatoa flashi, nikafungua GPU-Z. Hiyo programu ni bure, na tangu 2018 inaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi kama hiyo. Ikaandika. Jamaa akaniambia kompyuta yake iko na virusi. Nikamwambia pole sana, nikaenda duka la pili. Kwa hivyo hamuendi Luthuli bila flashi. Na kabla ya kulipa mashine, ingia kwa mipangilio ya mwanzo, ile ya kubonyeza F2 ama F10 ikiwaka. Ikiuliza nywila, hiyo ni nywila ya ofisi ya Uingereza, na hakuna mtu Luthuli anaijua, haijalishi anasema nini.

Bei sasa, juu najua wengine mmeruka mpaka hapa. Likizo ya Agosti 2025 nilijenga moja na mpwa wangu, mtoto wa sistangu, wakati huo alikuwa gredi ya 6. EliteDesk ya kusimama, i5-8500, RAM 8 na SSD ya 256: 19,500. RAM ingine ya 8, ndio ziwe mbili zisaidiane badala ya moja kubwa: 2,500. Skrini ya ex-UK ya inchi 22: 5,500. Kibodi na mausi, 800 zote. GTX 1650 iliyotumika: 14,000. UPS ya mtumba yenye betri mpya: 4,500. Jumla 46,800. Ni pesa nyingi, siwezi wadanganya ati ni za kuokota. Lakini hatukununua kwa siku moja. Agosti tulianza bila kadi na bila UPS, juu ile grafiki ya ndani ya i5-8500 inaendesha Roblox na Minecraft vizuri tu. Hiyo ni 28,300. Rudi juu uangalie 21,600 ya kibanda halafu uniambie tena mambo ya pesa. Kadi na UPS zilikuja Disemba, kutoka kwa chama cha sistangu na vidio mbili zangu.

RAM nayo imeharibika tangu hapo. Vituo vya data vya AI vinabeba kumbukumbu yote duniani, na Disemba 2025 Micron wakatangaza wanafunga Crucial, RAM na SSD zao za watu wa kawaida. Ukinunua kila kipande kipya leo, hiyo ndio itakuumiza. Mashine ya ofisi inakuja na yake ndani tayari. So ukichagua kati ya mbili za bei karibu, chukua yenye RAM nyingi, hata kama imechubuka.

Huyo mpwa wangu ni msichana, na hapa kuna kitu sijasikia mtu akisema. Kibanda cha PS ni cha wavulana. Hakuna amri imeandikwa mlangoni, lakini msichana wa miaka 11 akiingia anaangaliwa mpaka atoke, na mamake akisikia alikuwa huko kuna kesi. Kwa hivyo tunaposema gemu inaharibu vijana, tunasahau watoto wa kike hata hawajapewa nafasi ya kuharibika. Dukani muuzaji aliniuliza, akinipita yeye, "Kijana anacheza gemu gani?" Kijana alikuwa ameshika bisibisi. Akamjibu mwenyewe, kwa heshima, "Ni yangu, anko." Sylvia Gathoni, yule Queen Arrow wa Tekken, alisajiliwa na timu ya Marekani 2018 akiwa bado anasoma sheria. Hakuibuka kutoka hewani. Mahali fulani kulikuwa na mashine na mtu hakumfukuza.

Tulifungua kasha pale mezani, sistangu akiwa amesimama kando kama mtu anaangalia kuku wa mkopo akichinjwa. Vumbi ya Uingereza ikatoka. Mtoto akauliza kila kitu: hii ni nini, hii inapata moto juu ya nini, juu gani hii inaingia upande mmoja tu. Yeye ndiye alisukuma RAM mpaka ikalia kwa! na akaruka juu alidhani amevunja. Tulipangusa ile dawa ya kijivu imekauka kati ya prosesa na feni, tukapaka mpya kama punje ya mchele. Ikawaka mara ya pili, mara ya kwanza tulisahau kurudisha waya wa feni na mashine ikalalamika kwa maandishi. Aliyasoma mwenyewe akarekebisha. Nimekaa darasani miaka mingi na sijawahi fundishwa kompyuta hivyo.

Saa hii anaunda kitu kwa Scratch. Ni mathree ya Outering, kondakta anafaa kurudisha chenji kabla abiria hajashuka. Chenji inakataa. Kila mtu anarudishiwa pesa zaidi ya alizotoa, na amegoma kuniruhusu nimsaidie.

Mtasema umeme. Sawa. Mashine kama hiyo ikicheza gemu, pamoja na skrini, weka wati 170. Saa mbili kila siku ni kama yuniti 10 kwa mwezi. Hata ukihesabu shilingi 30 kwa yuniti ni 300. Ukweli wa kuongeza: kama nyumba yenu hukaa chini ya yuniti 30 kwa mwezi, mko kwa bei ya chini ya Kenya Power, na hizo kumi zinaweza kuwavusha. Hesabuni tokeni zenu kwanza. Na stima ikipotea, juu itapotea, tunakumbuka tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilivyolala giza, UPS inawapa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima polepole. Huko ndani ya ploti umeme ukirudi unarudi kwa nguvu, so hiyo UPS si mapambo.

Mtasema wizi. Simu ya mtoto inaibiwa kwa steji ikiwa mfukoni. Mnara wa kilo saba wa Dell hakuna mwizi anaruka nao ukuta.

Mtasema masomo. Hii ndio najibu kwa heshima, juu hofu ya mzazi ni ya ukweli. Kompyuta bila sheria itakula usiku wa mtoto, sibishi. Lakini mashine ya mezani iko sebuleni, skrini inaangalia watu, na ikizimwa imezimwa. Simu iko chini ya blanketi saa saba usiku. Kati ya hizo mbili mmechagua yenye hamuwezi kuiona, halafu mnaniambia mimi ndio naharibu watoto.

Na kuna wale watasema ngoja mtoto akue, afike kidato, afike chuo, atanunuliwa laptopu mpya ya mdogo mdogo. Nishaonyesha venye kufika chuo hivyo kulivyo. Ile ya mdogo mdogo pia ipigieni hesabu mpaka malipo ya mwisho, si ile ya siku ya kwanza, na muulize kama itafungwa kwa mbali siku mkichelewa.

So mkiamua, nendeni Jumamosi asubuhi mapema kabla mji ujae. Mbebe flashi yenye GPU-Z na CrystalDiskInfo, hiyo ya pili itawaonyesha SSD imetumika saa ngapi. Mashine iwashwe mbele yenu, ikae dakika ishirini, mguse pembeni kama inachoma. Risiti iandikwe nambari ya mashine na siku za waranti, si "goods" peke yake. Msinunue adapta za bei ya maji. Na mtoto aende. Yeye ndiye ataulizwa na muuzaji, yeye ndiye atasoma ile nambari baada ya kistari, na yeye ndiye atabeba kibodi kwa mathree mkirudi.